Omwenga Alewa kwa Uji

Mwaka wa 1969 sisi walimu wa shule moja ya msingi kule Nyamira tulitayarisha mchezo wa kuigiza. Mtunzi alikuwa Ogada, mwalimu wa darasa la sita, mtu wa ziwani, aliyeamini kwamba watu wakicheka kwanza ndio watalia vizuri. Mchezo ulihusu mwalimu mlevi. Nusu ya kwanza anachekesha: anaushikilia ubao usianguke, kumbe anayeanguka ni yeye. Nusu ya pili ameshafukuzwa kazi, anaita majina ya wanafunzi kwenye darasa lisilo na mtu.

Nafasi ya mlevi akapewa mwalimu mwenzetu Omwenga. Mimi nikawa mke wake, ndani ya gauni la Esnah, bibi ya mwalimu mkuu. Lilinibana kwapani mpaka sauti ya kike ikatoka yenyewe.

Sasa, Omwenga alikuwa Msabato kamili. Hata soda aliinusa kwanza. Ili ajifunze kulewa, akitoka kazini alikuwa anasimama ng'ambo ya kilabu cha pombe ya busaa sokoni, anaangalia watu wakitoka.

"Ndugu, si uingie tu uonje?" nikamwambia.

"Wewe nyamaza. Desemba naoa."

Alikuwa anamwoa Nyanchera, binti ya mjane aitwaye Bonareri. Marehemu mume wa Bonareri alikunywa shamba lote la chini, akaanza la juu, na mama akaapa kwamba mlevi hataingia tena kwake, hata awe mchungaji.

Siku ya wazazi tukaonyesha mchezo wetu. Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Omwenga alikuwa hatari siku hiyo: goti moja linaenda Kisii, lingine linarudi Keroka. Nimemshika kola, namgombeza, ndipo nikaona kule nyuma kabisa mwanamke anavuta kitambaa cha kichwa kufunika uso. Akainuka, akatoka, ndugu yake Angwenyi akimfuata. Alikuwa Bonareri. Alikuja kimya kimya kuona mkwe wake mtarajiwa anafanya kazi wapi. Nusu ya pili hakuiona.

Kesho yake Angwenyi akaleta ujumbe: harusi hakuna.

Omwenga alikonda kwa wiki moja kama aliyeugua malaria. Jumapili mimi na Ogada tukamsindikiza kwa wakwe kujitetea. Angwenyi alitupokea uani. Bonareri alibaki ndani, maana chinsoni, ile heshima ya mkwe na mama mkwe, haitaki mchezo. Tulimsikia tu akikohoa nyuma ya dirisha.

"Mzee, ule ulikuwa mchezo," Ogada akaanza.

"Mchezo!" Angwenyi akacheka kwa pua. "Mimi nimemkokota shemeji yangu kutoka barabarani mara ngapi? Vile huyu alitembea, hiyo haifundishwi chuo cha ualimu. Na kilabuni ameonekana!"

"Nilikuwa nje!" Omwenga akasema.

"Walevi wote huwa nje. Wakishatupwa."

Ogada ndiye aliyepata wazo. "Basi shinda naye leo, mzee. Mpe uji peke yake. Halafu jioni umwambie alewe."

Angwenyi akalipenda. Akamlinda Omwenga kutwa nzima, hata chooni akamsubiri mlangoni. Uji wenyewe wa wimbi aliuonja kwanza, ahakikishe haujachachuka. Jua lilipoanza kushuka akakunja mikono.

"Haya, kijana. Lewa."

Omwenga akatazama dirisha. "Siwezi, mzee. Mama yuko pale."

Tukaangaliana. Kumbe! Asipolewa, ni mlevi. Akilewa, ni mtu hana adabu mbele ya mama mkwe. Ogada akaanza kutafuta kofia yake.

Ndipo dirisha likafungwa, pu!

"Mimi sioni kitu," sauti ikatoka ndani. "Nina masikio tu."

Omwenga akalewa. Alilewa kuzunguka uani, akawasalimia kuku kwa Kiingereza, akaomba msamaha kwa mgomba. Angwenyi alijikaza, akashindwa, akacheka machozi. Akamshika, akamnusa mdomo mara mbili.

"Ni uji, dada! Ni uji mtupu!"

Ungedhani Omwenga angeishia hapo. Lakini alisimama mbele ya migomba kama mbele ya darasa, akaendelea na nusu ya pili. "Machogu," akaita polepole. "Nyasani. Drusilla... Drusilla pia hayuko?" Angwenyi akaacha kucheka. Ndani ya nyumba mtu alipenga kamasi.

Kisha Bonareri akasema, "Nimesikia. Hanywi. Lakini mtu anayeweza kulewa kwa uji, siku akilewa kweli tutajuaje?"

Ogada, mtunzi mzima, akaitafuta tena kofia yake. Aliyejibu ni Nyanchera, kutoka jikoni.

"Mama, baba alipokuwa akirudi usiku, kuna mtu alikuwa anacheka hapa?"

Halafu dirisha likafunguka kidogo, upana wa kidole.

"Desemba ni Desemba," Bonareri akasema. "Lakini asipande jukwaani tena. Sitaki kijiji kizima kijue magoti ya mkwe wangu."

"Sitapanda, mama," Omwenga akasema, hata kabla mama hajamaliza.

Kwa hivyo kwenye mashindano ya maigizo ya shule kule mjini Kisii mlevi nilikuwa mimi, na gauni likamwendea Ogada. Mimi, ambaye busaa inanijua kwa jina! Waamuzi wakasema yule mlevi hakuaminika hata kidogo. Niliumia kweli.

Lakini nikiwa kule juu nikiita majina, niliwaona wale wawili kwenye benchi la mbele. Omwenga amevaa suti, mikono juu ya magoti, midomo yake inaita kila mwanafunzi kabla yangu. Nyanchera hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama yeye, na alikuwa analia.