Mstari wa Kahawia Ukutani

…ghala linafaa au halifai, Anitha, hilo tu, alisema bosi Theodory kwenye simu, vyerehani vikivuma nyuma yake huko Dar, naye akaibana simu kwa bega, futi kamba mkononi, akasema subiri kidogo bosi, naangalia kitu, kana kwamba hajaangalia vyote, milango miwili, madirisha sita, nafasi ya vyerehani thelathini na viwili na meza ya kukatia sare za shule, umeme upo, stesheni karibu, vyumba vya kupanga tele kwa mafundi watakaohamia na kiwanda, si kama sasa, fundi Doto anaamka saa kumi alfajiri huko Chanika ili awahi kushona kola… yote ameandika, hata mstari wa rangi ya kahawia chini ya ukuta, kama wa shule na zahanati, kuficha uchafu wa mikono, lakini wa shule huishia kiunoni, huu unamfika kifuani, na aliupima bila kushtuka, yeye anayejiuliza kama amefunga mlango huku ameshika kitasa, na sasa nyuma ya mlango, ambako brashi haikupenya, tope limekauka kwenye bawaba na linakoma palepale rangi inapokoma… Mzee wangu, haya ni maji? Ni maji, mwanangu, mwaka ule mto ulipotutembelea, alijibu Mzee Urbanus mwenye ghala, bila kukwepa macho, hukuuliza, nami sikuficha, nimepaka tu, na Ziada muuza maandazi akacheka mlangoni, waache waje mzee, vyerehani vyao vitajifunza kuogelea… hukuuliza, kweli, siku tatu hakuuliza, kwa sababu ng'ambo ya reli kuna mama yake, Magdalena, macho yamefifia, anachambua mchele kwa vidole, na ghala likikubaliwa Anitha atarudi kuishi nyumbani, ndiyo maana ameipigia debe Kilosa tangu Januari, likikataliwa kipo chumba kikubwa cha kushonea huko Mikumi, alikiona jana, kikavu, kando ya barabara ya malori, mbali na mama… lakini mvua ikinyesha milimani Doto atakuwa amepanga mtaa huuhuu na wanawe wawili, maana Anitha alipima, na Anitha akipima hakosei, ofisi nzima inasema, na mama hatauliza nani aliwaleta watu hawa majini, mama atampisha Doto kitanda, na hilo ndilo baya zaidi… kumbe aliuliza kila kitu isipokuwa alichokiogopa. Haloo? Anitha, upo? Nipo bosi, alisema, na moyo uliokuwa ukienda mbio tangu Jumatatu ukapunguza mwendo wenyewe, atamwambia bosi sasa hivi kwamba halifai, halafu mama, wakati wa kula, hapohapo mkekani, wala hatazunguka, na mama atamwongezea mchuzi, kisha atauliza basi la Mikumi linaondoka saa ngapi.