Cherehani Isiyo na Kichwa

Meza ya cherehani ilifika nyumbani kwetu kwanza, kichwa kikabaki kwa fundi. Niliilipia papo hapo, pamoja na kanyagio lake la chuma, nikaiweka dirishani. Mimi niliitumia kuandikia kazi zangu za darasa la jioni. Binti yangu alifungua duka chini yake, akawa ananiuzia mawe. Wifi yangu, dada wa mume wangu, yeye alipata kichekesho.

"Wifi, mashine yako ilichinjwa?" aliniuliza kila alipokuja. "Si kuna duka pale barabara kuu wanakopesha? Unasaini leo, kesho unashona. Unajitesea nini?"

"Kitandani kwangu tunalala watatu, tunabanana," nilimjibu. "Deni nitalilaza wapi?"

Kazi yangu ilikuwa kutia vifungo kwa mkono kwenye karakana ya nguo. Kila siku ya malipo niliweka kando hela ya akiba kabla sijapita sokoni, kisha nikapitia kwa fundi wa vyerehani kukitazama kile kichwa. Kilikuwa cheusi, rangi imechubuka begani, lakini sindano yake ilishuka na kupanda bila kutetema. Tena kilikuwa cha aina ya zamani, na tundu la meza yangu lilichongwa kwa ajili ya aina hiyo tu. Fundi alikiuza pamoja na mota yake ya umeme. Akiba yangu ilikuwa imefika mbali, ila si mwisho.

Jumamosi moja nilikwenda na wifi. Tukamkuta mshonaji mmoja, mtu mzima, futi ya kupimia shingoni, mkono tayari mfukoni.

"Dada," fundi akaniambia bila kuniangalia, "mwenzio amekuja na hela kamili."

Kichwa kile kikiondoka, ninabaki na meza ya kuuzia mawe.

Wifi akanifinya. "Kimbia dukani ukakope! Unangoja nini?"

Sikukimbia. Nilimgeukia yule mzee. "Shikamoo, baba. Samahani, mashine yako imepatwa na nini?"

"Marahaba. Mota imeungua, mwanangu. Kichwa ni kizima kabisa, mota moshi mtupu."

"Sasa hiki kichwa cha pili utakifanyia nini?"

"Kitakaa stoo. Mwenyewe hataki kuvitenganisha."

"Nivitenganishe nipate hasara?" fundi akaruka. "Kichwa bila mota nani atanunua? Siku hizi kila mtu anataka umeme."

"Mimi nitanunua. Nina miguu."

Mzee alicheka mpaka futi ikamdondoka shingoni. Fundi alijikuna kidevu, akamtazama mzee, akanitazama mimi, kisha akashika bisibisi. Bei aliigawa huku akinung'unika, ila aliigawa. Nikalipa yote, nikadai risiti, na hela ya mboga ikabaki.

Kichwa cha cherehani ni chuma tupu. Tulikitia kwenye kikapu, wifi akashika mkono mmoja, mimi wa pili, tukawa tunatua kila baada ya nyumba kadhaa.

"Ungekopa, wangekuletea kwa gari," alihema.

"Na wangekuja kukichukua kwa gari hilohilo."

Nyumbani kilizama kwenye tundu lake, kimya, kikakaa sawa. Nikavuta mkanda wa kanyagio hadi kwenye gurudumu lake, nikatunga uzi, nikakanyaga. Gurudumu likarudi nyuma na uzi ukakatika. Mara ya pili hivyohivyo. Binti yangu akapiga makofi akidhani ndiyo kazi yenyewe.

"Hebu sogea," wifi akasema. Akapiga magoti kando yangu, akalisukuma gurudumu kwa kiganja kuja mbele. "Sasa! Fuata hapohapo, usisite!"

Nikafuata. Kitambaa kikaanza kutembea chini ya sindano, mshono umepinda kidogo mwanzoni, halafu ukanyooka.

"Na mota?" aliuliza, bado amepiga magoti, kidole juu ya kitambaa.

"Itakuja. Hii hapa ndiyo itainunua," nikasema, miguu ikizidi kukolea. "Wifi, toa kidole, nageuza kona."