Sala ya Kufungua Kikao

Ephantus alikuja kibandani kwangu saa ile watu wa mjengo wamerudi kazini na mimi naosha vikombe. Nilimvutia kiti, hakukaa. Nilimuuliza kama atakunywa chai, akakataa kwa kichwa. Mtu akija kwa kibanda cha chai na hataki kiti wala chai, huyo hajaleta heri.

"Kaluki, Alhamisi tuko na kikao pale ukumbi wa kanisa. Maoni ya wananchi kuhusu mashindano. Wewe utatufungulia na maombi."

Ephantus ni mkono wa mheshimiwa wa wadi yetu. Hakuchaguliwa na mtu, lakini kibanda kikisimama hapa Dagoretti Corner, au kikianguka, ni yeye amesema.

Habari za mashindano kila mtu alikuwa nazo. Timu za Afrika zinakuja Nairobi kucheza mpira, na uwanja mpya unajengwa. Mume wangu Masila anafunga vyuma huko, na wenzake ndio wanakunywa chai yangu. Kwa hivyo sina ubaya na mpira. Lakini wadi nayo ilitaka kutoa mchango wake: kiwanja cha mazoezi chenye nyasi nzuri na taa, ili wageni wakija wafanyie mazoezi kwetu. Pesa zingetoka kwa jengo la uzazi, lile ambalo limesimama kuta tupu nyuma ya kituo chetu cha afya, halina hata bati moja. Ila kabla ya pesa kuhamishwa, lazima wananchi waulizwe.

"Mzee wa mtaa atapendekeza," Ephantus akasema. "Halafu wewe unainua mkono, unasema unaunga mkono. Vijana wangu si wa wadi hii, na Carolyne wa ofisi ya wadi ndiye anaandika kumbukumbu, anataka anayeunga mkono awe mkaazi. Na mama ndiye anaonekana vizuri zaidi."

"Na nisipoinua?"

Aliangalia mabati yangu kutoka juu mpaka chini, polepole, kama mtu anayenunua.

"Hapa ndiyo njia ya wageni, mama. Kuna vibanda vitabaki na kuna vingine havitabaki."

Akachukua chapati moja, akaikunja, akaenda akiila.

Nilimwambia Masila jioni. Alikuwa ameinama anatoa saruji kwa viatu.

"Inua tu," akasema. "Mkono si figo. Ukiinua unabaki nao."

"Na jengo la uzazi?"

"Kaluki. Kibanda kikienda, tutakula hilo jengo?"

Kibanda ndicho kinalipa nyumba yetu miezi ile mvua inasimamisha mjengo, na sisi wawili tunajua. Lakini jirani yangu hapo kazini ni Mama Ivyne, ambaye jina lake ni Phoebe, anauza samaki wa omena. Ivyne ni binti yake. Mwezi wa nne alishikwa na uchungu, na kituo chetu hakizalishi. Walimpakia kwa bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, mamake nyuma amemshika. Wao walifika hospitali. Mtoto hakufika.

Phoebe hakuniambia niinue wala nisiinue. Siku hizo zote alikuwa akipepeta omena yake. Mara moja tu, wakati Sammy, rafiki ya Masila, alikuwa akinywa chai na kutuambia vile wageni watakuja na dola, akamuuliza, "Wewe Sammy, ulizaliwa kwa uwanja?"

"Nilizaliwa kwa shamba ya miwa, mathe. Na unaona vile niko sawa."

"Kichwa nacho?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, nikarudi kukanda unga.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mbele walikaa vijana wa kofia mpya, sura ambazo sijawahi kuona mtaani. Carolyne wa ofisi alikuwa kwa meza, ameweka simu yake mbele inarekodi. Akina mama wa soko walikaa nyuma karibu na mlango, Phoebe katikati yao. Ephantus akashika maikrofoni.

"Tusimame kwa maombi. Kaluki, karibu."

Nilikuwa nimejipanga. Sala fupi, mistari kama mitatu, nikae. Lakini mimi nimejifunzia kuomba kwa kikundi cha akina mama kanisani kwetu, na huko hatuombi kwa jumla. Hatusemi "wagonjwa." Tunasema Wavinya na goti lake. Tunasema Annah na kijana wake aliyeacha shule. Ukiomba bila majina, wenzako wanakuangalia kama umekuja na sahani tupu.

Nikafumba macho. Nikamshukuru Mungu kwa kutufikisha. Nikamletea mashindano. Nikamletea wageni, walale salama. Nikamletea wachezaji, wasivunjike miguu. Hapo ningesema amina. Lakini mdomo ulishazoea njia yake, nikasema, "Tunakuletea na mama zao waliowazaa," na nikasikia mtu huko nyuma akivuta pumzi. Nilijua ni Phoebe bila kuangalia.

"Tunakuletea Ivyne," nikasema.

Nikasikia kiatu cha Ephantus kikigeuka kwa simenti.

"Wewe unajua pale alikuwa wakati mtoto alitaka kutoka, Bwana. Ulikuwa barabarani Ngong Road, unaona. Unajua zile kuta hazina bati. Unajua bati zilikuwa zinunuliwe, na sasa wanataka kununua nyasi. Sisi hatuchukii mpira, Bwana. Waume wetu wanakula kwa mpira. Lakini ushuru tunalipa, kila asubuhi tunalipa, na mgeni akija atatukuta tukizalia njiani."

"Ndiyo, Bwana," mama mmoja akasema. Mwingine akasema, "Sikia, Baba."

Ephantus akakohoa. Akakohoa tena. Lakini hakuna mtu kwetu anaweza kukata maombi, hata mheshimiwa mwenyewe, na mimi nilishaanza kuelewa kitu cha kuniogopesha zaidi: nikiwa nimefumba macho sitaguswa. Baada ya amina kuna macho ya watu. Ndiyo maana niliendelea. Nilimwombea daktari wa kituo. Nilimwombea Carolyne na kazi yake. Nilimwombea hata Ephantus. Jasho lilikuwa likinishuka mgongoni, na nilikuwa natafuta mtu mwingine wa kuombea, na nikakosa.

"Amina," nikasema.

Ukumbi mzima ulijibu, mpaka mabati yakalia.

"Asante kwa mahubiri," Ephantus akasema, na vijana wa kofia wakacheka, lakini akina mama walikuwa bado wamesimama. Mzee wa mtaa alipoambiwa apendekeze, akasema koo lake si nzuri leo. Watu wakaanza kuuliza maswali wote pamoja. Ephantus akatangaza kwamba maikrofoni ina shida, kikao kitarudiwa Alhamisi ijayo.

Masila alipata habari kabla nifike nyumbani.

"Umeniombea nifutwe," akasema.

"Sikutaja jina lako."

"Ulitaja waume. Mimi ni nani?" Alikaa kitandani amenipa mgongo. "Unajua mambo ya nchi hii, Kaluki. Mtu anasema kitu kimoja kwa kikao, halafu gari linasimama nje kwake."

Usiku huo kila gari lililopita nje nililisikia.

Asubuhi nilikuta rangi kibandani. Alama ya msalaba uliolala, ile ya vibanda vya kubomolewa, nyekundu, kubwa kama mlango, kwa mabati yangu. Nikaangalia kwa Phoebe: hakuna. Kwa fundi wa viatu: hakuna. Ilikuwa yangu peke yake, na bado ilikuwa ikinata kidole.

Niliwasha jiko kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Wateja wachache walikuja. Sammy alisimama mbele ya ile rangi akasema, "Timu ikifungwa, tutajua ni maombi ya nani," lakini hakumaliza kucheka, na chai yake aliinywa amesimama, akiangalia barabara.

Ephantus alipokuja, safari hii alikaa. Akakunywa chai. Nilimwona akipuliza kikombe, taratibu, mtu asiye na haraka.

"Rangi hutoka na petroli," akasema. "Alhamisi utaomba tena, watu wasiseme tumekunyima. Sala fupi. Halafu mkono. Ijumaa kijana anakuja kukupangusia hii."

"Na mzee wa mtaa, koo lake?"

"Imepona."

Alhamisi ya pili nilivaa leso juu ya sweta kwa sababu nilikuwa nasikia baridi, na haikuwa siku ya baridi. Ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza. Niliposimama mbele, wale akina mama walinitazama kama watu wanaosubiri chakula walichoahidiwa. Phoebe alikuwa amekuja na Ivyne.

Nikafumba macho.

"Mungu, tunakushukuru kwa siku ya leo. Ongoza kikao chetu. Tunaomba haya tukiamini. Amina."

Hakuna aliyejibu.

Nilifungua macho. Wote walikuwa wamesimama, vichwa vimeinama, kama watu ambao sala yao bado haijaisha. Ephantus akasema "Amina" kwa maikrofoni, peke yake, kisha akasema tukae, na watu wakakaa mmoja mmoja.

Mzee wa mtaa akasimama, akapendekeza pesa za jengo la uzazi zihamishiwe kiwanja cha mazoezi. Alisema haraka, macho chini, akakaa.

"Nani anaunga mkono?" Carolyne akauliza.

Ephantus aliniangalia. Hakunikunjia uso. Aliitikia kwa kichwa kidogo tu, vile unamwambia mtoto avuke barabara, gari hakuna.

Nilishika mkono wangu wa kulia kwa ule wa kushoto. Nikaushikilia hapo juu ya magoti.

"Nani anaunga mkono?" Carolyne akasema tena. Kijana mmoja wa kofia akainuka, akaulizwa anapiga kura wadi gani, akakaa.

"Kaluki," Ephantus akasema, bila maikrofoni.

Nilitaka kumwambia nisamehe. Nilitaka kusema nimeinua. Nikafikiria kibanda, na Masila, na gari la kusimama nje kwetu. Nilibaki hivyo hivyo, nikishika mkono wangu kama mwizi niliyemkamata mwenyewe.

"Hakuna aliyeunga mkono," Carolyne akasema, akaandika. "Pendekezo limeanguka."

Huko nyuma watu walianza kusema. Sikungoja sala ya kufunga. Nilipita katikati ya viti, mtu akanigusa bega, sijui nani, nikatoka nje kwenye jua na kutembea mbio mpaka kibandani. Nilibeba sufuria nje, halafu karai, halafu mabenchi. Jiko lilikuwa moto bado, nikalivuta kwa kitambaa. Nikachukua nyundo ya Masila nikaanza kung'oa misumari ya ukuta, upande wenye rangi, kabla hawajaja kubomoa wao.

Masila alitoka mjengo akanikuta hapo.

"Uliinua?"

"Sikuinua."

Alisimama. Nilingoja aniambie kile nilichostahili kuambiwa. Akaangalia barabara, upande wa kulia na wa kushoto, halafu akavua koti lake akalitundika kwa kibanda cha Phoebe.

"Anza na paa," akasema. "Ukianza na ukuta itakuangukia."

Akapanda juu ya benchi. Alikuwa aking'oa, mimi nikipokea bati na kulaza chini, tukiokota na misumari, kwa sababu misumari iliyonyooka bado ni misumari. Kila lori lililopunguza mwendo pale kona, tulisimama, bati hewani, tukasikiliza. Likishapita, tuliendelea.