Megabaiti Mbili

Karani wa shule alijulikana kwa mambo mawili: vidole vyepesi na ulimi usiojua kusema "sijui". Walimu walimbatiza jina la Mama Mhuri, maana hakuna barua iliyotoka pale bila kupita mikononi mwake, naye jina hilo lilimkaa vizuri, wala hakulikataa. Mtu akikwama na kompyuta, alimwendea yeye kwanza, na mara nyingi hakwenda kwingine.

Kwa hiyo mdogo wake alipougua, suala la nani atashughulikia karatasi halikujadiliwa. Walikuwa wawili tu, ndugu wa toka nitoke. Mdogo wake alikuwa seremala, mtu wa kubeba kabati mgongoni na kupanda nalo ngazi huku akipiga mluzi, mpaka mguu wa kushoto ulipoanza kumsaliti. Mwanzoni alisema umekufa ganzi. Baadaye akawa anauburuta. Alipopigwa picha ya uti wa mgongo, ikaonekana doa la kijivu, kubwa kama punje ya haragwe, limeegemea mshipa wa fahamu.

"Ni uvimbe," daktari aliwaambia. "Ukitolewa ndani ya miezi mitatu, atatembea. Baada ya hapo sitaki kuwadanganya."

Upasuaji wa namna hiyo ulifanywa hospitali kuu peke yake, na wagonjwa walichaguliwa na jopo la madaktari. Maombi yalitumwa kwa mtandao: nyaraka zote ndani ya faili moja la PDF, lisilozidi megabaiti mbili, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Jumatatu ya wiki hiyo wifi yake alifika na bahasha kubwa kifuani. Alitaka kuipeleka kwenye duka la huduma za kompyuta, wakalitengeneze faili mapema.

"Wifi, utembeze maradhi ya mumeo madukani?" Mama Mhuri alimwambia, akaipokea bahasha. "Hii ndiyo kazi yangu. Tukishapata barua ya daktari, ni dakika kumi tu."

Barua ya daktari, yenye saini na muhuri, ilipatikana Ijumaa saa sita mchana. Saa saba Mama Mhuri alifunga mlango wa ofisi, akaziweka karatasi kwenye skana moja baada ya nyingine. Zilikuwa ishirini na saba. Ili zitoke safi, alichagua rangi kamili na ubora wa juu kabisa. Alipomaliza, akaunganisha na ripoti ya picha aliyotumiwa na maabara kwa barua pepe, akatazama ukubwa wa faili. Megabaiti tisini na nne.

Hakushtuka. Programu aliyoitumia kila siku ilikuwa na kitufe cha kupunguza ukubwa. Akakibonyeza, akaenda kunywa maji. Aliporudi, faili lilikuwa thelathini na moja. Akalibana tena, akasubiri, akatazama: thelathini na nukta sita. Mara ya tatu halikusogea hata kidogo. Kilichoweza kukamuliwa kilikuwa kimeshakamuliwa.

Akafungua tovuti moja inayobana mafaili bure. Mstari wa kupakia ulikwenda taratibu, ukafika asilimia themanini, mtandao ukakatika. Akaanza upya. Safari hii ulifika mwisho, na tovuti ikamjibu kwamba faili lina kurasa zilizolindwa kwa neno la siri. Ilikuwa ile ripoti ya maabara. Alipiga simu maabara mara nne. Iliita, ikaita, ikanyamaza.

Saa nane na nusu mdogo wake alipiga.

"Dada, vipi, imekwenda?"

"Inakwenda. Wewe kunywa dawa, ulale."

"Sauti yako kama ya mtu anayekimbia."

"Nakimbia na kazi za watu. Lala."

Akakumbuka ujanja wa zamani: faili lililofungwa, ukiliagiza lijichapishe upya kama PDF, kufuli hubaki nyuma. Akafanya hivyo, na kufuli kweli likatoka. Lakini kila ukurasa ulikuwa umegeuka picha nzito, na faili likawa megabaiti mia moja na kumi na mbili. Mama Mhuri alicheka peke yake, kicheko kikavu kilichomtisha mwenyewe.

Sasa akaona kosa lake. Tatizo halikuwa kubana, tatizo lilikuwa chanzo: karatasi zisizo na rangi yoyote kaziskani kwa rangi, kwa ubora wa kutengenezea bango la barabarani. Akazirudia zote kwa kijivu na ubora wa chini. Karatasi ya kumi na nne ikakwama kwenye skana, akaichomoa ikachanika ncha. Alipounganisha tena ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano. Megabaiti sita na nukta nane.

Akajaribu kuligawa vipande vinne. Mfumo wa hospitali ulipokea cha kwanza, ukakataa cha pili: kila mwombaji, faili moja. Alipotaka kukifuta kile cha kwanza, ukurasa ulizunguka na kuzunguka, yeye ameshika kipanya utadhani ameshika usukani. Kilifutika saa tisa na dakika thelathini na nane.

Hapo ndipo alipompigia Wino. Wino alikuwa fundi wa mashine za kuchapa, mtu wa mjini, ndiye aliyewauzia shule wino tangu enzi na enzi. Mama Mhuri hakuwahi kumwomba msaada hata siku moja. Zaidi alikuwa akimkosoa.

"Leo jua limechomoza wapi?" Wino alisema.

"Sina muda wa utani, kaka. Nina sita na nukta nane, nataka mbili, nimebakiwa na dakika ishirini."

Wino akaacha utani. "Ni maandishi matupu?"

"Ni karatasi za hospitali."

"Basi ziskani kwa nyeusi na nyeupe tupu. Usichague kijivu. Nukta mia na hamsini kwa inchi. Maandishi yatasomeka, na faili litanywea lote."

Hakumwambia kwamba kati ya karatasi zile moja ilikuwa picha ya mgongo. Hata yeye mwenyewe wakati huo hakuikumbuka kama picha. Zilikuwa karatasi ishirini na saba, na kila moja ilikula sekunde tisa.

Saa kumi kasoro dakika saba faili lilikuwa megabaiti moja na nukta saba. Akalifungua. Barua ya daktari ilisomeka. Fomu ikasomeka. Akaruka hadi ukurasa wa sita, wa saba, majibu ya damu, tarakimu zote zinaonekana. Alitazama saa ya ukutani, akafunga, akatuma. Alama ya kijani ikatokea: ombi limepokelewa. Mama Mhuri aliweka kichwa juu ya meza, akakiacha hapo mpaka mlinzi alipokuja kugonga aulize kama kuna mtu.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, katikati ya asubuhi, wanafunzi wakiwa wamepanga foleni dirishani kuchukua vyeti. Yalikuwa mafupi. "Picha iliyoambatishwa haioneshi tatizo lililoelezwa kwenye ripoti. Nyaraka hazilingani. Ombi limekataliwa. Rufaa zitapokelewa dirisha lijalo la maombi, baada ya miezi saba."

Aliyasoma mara tatu. Kisha akalitafuta faili alilotuma, akaenda ukurasa wa ishirini na tatu, ambao siku ile hakuufikia.

Mgongo wa mdogo wake ulikuwa pale, pingili juu ya pingili, nyeusi tii kwenye karatasi nyeupe. Skana ilikuwa imeamriwa kuchagua: kila kilichofifia kiwe cheupe, kila kilichokolea kiwe cheusi. Lile doa la kijivu halikuwa huku wala kule, na skana ilikuwa imelitupa kwenye weupe. Mgongo ulikuwa safi, kama wa mtoto.

"Mama, cheti changu," mwanafunzi mmoja alisema dirishani. Mama Mhuri akafunga dirisha.

Kesho yake aliomba ruhusa, akasafiri hadi hospitali kuu na picha halisi ndani ya bahasha. Alipelekwa kaunta hii, akarudishwa ile, hadi akafika kwa mwanamke wa makamo nyuma ya kioo, msimamizi wa maombi. Akamweleza yote, hakujitetea hata kidogo. Msimamizi alisikiliza, akaipokea ile picha kwa ukarimu ambao Mama Mhuri hakuutegemea, akasimama, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Naliona," alisema. "Hili hapa."

"Basi nisaidie, dada yangu. Si nia mbaya, ni mashine."

"Nakuamini. Lakini jopo limeshakaa, nafasi zimejaa, na mfumo umefungwa. Mimi siwezi kumwingiza mtu kwa mkono." Akairudisha picha ndani ya bahasha. "Kila siku naletewa picha zisizolingana na ripoti. Nyingi ni za kughushi. Wao wakiona hazilingani, hawaulizi."

"Daktari alisema miezi mitatu."

Msimamizi alitazama chini. "Lete mapema dirisha lijalo," alisema. "Na uifungue kila karatasi kabla ya kutuma."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliommaliza. Mama Mhuri alikaa kwenye benchi la nje akaona miguu ya watu ikipita, jozi kwa jozi, na hakuna aliyekuwa na habari na miguu yake.

Nyumbani kwa mdogo wake aliwakuta mume na mke uani. Seremala alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapiga msasa mguu wa meza, fimbo imeegemea ukutani. Mama Mhuri angeweza kusema wamekataa tu. Angeweza kuwalaumu hospitali, na wangemwamini, maana ndivyo hospitali zilivyozoeleka kulaumiwa. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno hayo. Alipofungua mdomo, yakatoka ya kweli.

Mdogo wake aliacha kupiga msasa. Baadaye akasema, "Nioneshe huo ukurasa."

Akamwonesha kwenye simu. Aliuangalia sana, akaukuza kwa vidole, akautazama tena kama anavyotazama ubao kabla ya kuukata.

"Mgongo mzuri," alisema. "Kumbe kwenye mashine zao nimepona." Akajaribu kucheka. Mkono ulioshika msasa haukurudi kazini.

Wifi yake aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango polepole, na tangu siku ile kwa miezi mingi alimwita Mama Mhuri "mama fulani" mbele ya watu na hakumwita chochote walipokuwa wawili. Hakuwahi kumkumbusha habari ya Jumatatu ile na bahasha. Angemkumbusha, pengine ingekuwa nafuu. Wangegombana, wakalia, yakaisha.

Mwezi wa nne mguu wa kulia nao ukaanza. Mwezi wa sita seremala alikuwa akihamishwa kutoka kitandani hadi kitini, mke wake upande mmoja, dada yake upande wa pili, wanawake wawili wasiosemezana wamebeba mwili mmoja. Alikuwa mzito, na alikuwa akiwaomba radhi.

Dirisha lilipofunguliwa, Mama Mhuri alituma siku ya kwanza, saa mbili asubuhi. Mfumo ulikuwa umebadilishwa. Sasa ulipokea megabaiti ishirini, na picha ilikuwa na sehemu yake peke yake. Faili lilipita mara moja, kwa rangi zake zote. Alibaki ameitazama alama ya kijani, machozi yakimdondoka kwenye kibodi, na hakujisumbua kuyafuta.

Jopo lilimkubali mdogo wake. Alipasuliwa, haragwe lile likatolewa, lilikuwa limeshakuwa kubwa kama limau. Daktari mpasuaji aliwaita nje, akawaambia kwamba maisha yake hayako hatarini tena. Kuhusu miguu, alisema wasubiri, lakini aliyasema hayo huku akivua glovu na bila kuwatazama.

Siku ya kumi daktari alikuja kupima. Wifi alisimama upande wa kichwani, Mama Mhuri upande wa miguuni. Daktari alitoa pini ndogo mfukoni.

"Fumba macho," alimwambia mgonjwa. "Nitakugusa kwenye vidole. Ukisikia, sema."

Mdogo wake akafumba macho. Daktari akachoma kidole gumba cha kulia, kisha cha kushoto, kisha kisigino. Chumba kilikuwa kimya. Daktari akasimama wima, akashusha mkono, akafungua kalamu aandike.

"Nasikia," mdogo wake alisema, macho bado yamefumba. "Hapo nasikia, dada."

Daktari alimtazama Mama Mhuri. Wifi naye akamtazama, kwa mara ya kwanza baada ya miezi yote ile. Pini ilikuwa mezani.

"Vizuri," Mama Mhuri alisema, akamfunika miguu kwa shuka. "Vizuri sana."