Msamaha wa Vernelle Tibbs

Jina lake lilikuwa limekosewa, na hilo ndilo lililomuudhi Vernelle Tibbs kabla ya mengine yote.

"Vernal Tubbs," alisoma kwa sauti, kidole juu ya ukurasa. "Huyu Tubbs ndiye nani? Bwana Whitcomb, kama watu wameamua kuniharibia jina, si wangeliandika sawasawa kwanza?"

Bwana Whitcomb, meneja wa kituo cha redio, hakucheka. Kijitabu kile chenye jalada jekundu kilikuwa kimefika ofisini asubuhi ile, na ndani yake mlikuwa na majina ya waigizaji na wanamuziki walioshukiwa kuwa Wakomunisti. Mwaka huo wa 1951, mtu aliyetajwa humo alikuwa kama mwenye ndui. Vernelle alikuwa na makosa matatu: alipiga piano kuwachangia wajane wa makuli wa bandarini, alitia sahihi waraka wa kupinga watu weusi kunyongwa na makundi ya Wazungu, na alikataa kupanda jukwaani katika mji mmoja wa Kusini baada ya kuona weusi wenzake wamepandishwa roshani ya juu kabisa, nyuma ya nguzo.

"Wadhamini wetu ni watu wa sabuni," alisema Whitcomb. "Wanataka vitu safi."

"Mimi huoga, Bwana Whitcomb."

Meneja akamsukumia barua iliyokwisha kuchapwa. Angeisoma hewani Jumapili, katika kipindi chake cha saa kumi alasiri, mambo yaishe. Vernelle aliikunja, akaitia mkobani, akasema ataifikiria. Kwa kweli aliogopa. Miaka tisa alipiga piano kwenye vilabu ambako watu walitafuna mbavu za nguruwe huku wakimpigia kelele, hadi akapata nusu saa yake ya redio. Alikuwa mwanamke mweusi pekee kituoni hapo mwenye kipindi, na akikipoteza, hakuna aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni.

Aliipeleka barua saluni kwa shangazi yake, Cleotha, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Saluni hiyo ilikuwa Harlem, chini ya nyumba waliyoishi, na haikuwahi kuwa kimya. Shangazi Cleotha alikuwa anamnyoosha nywele mke wa mchungaji kwa kitana cha moto. Akaishika barua kwa mkono wa pili na kuisoma bila kusimama.

"'Mimi ni mwanamke wa muziki tu, siasa sizifahamu, nilirubuniwa na watu werevu kuliko mimi.'" Akageuka. "We Vernelle, hao werevu kuliko wewe ni akina nani? Mbona hukuwaleta hapa tuwaone?"

"Shangazi, angalia hicho kitana!" alipiga kelele mke wa mchungaji.

"Tulia, mama, sijakuunguza bado."

"Nikikataa kuisoma nafukuzwa," alisema Vernelle.

"Najua."

"Basi niambie nifanye nini."

"Mimi nanyoosha nywele, mwanangu. Shingo yako huinyoosha mwenyewe." Kisha sauti ikampungua. "Ukisoma, utakula kwangu. Usiposoma, utakula kwangu vilevile. Usifanye hesabu na sahani yangu."

Jumapili ilipofika, mtaa mzima uliwasha redio. Studioni, Vernelle alipiga nyimbo mbili, akamaliza, akaifungua barua. Nyuma ya kioo Whitcomb alimwitikia kwa kichwa kama mtu anayemhimiza mtoto anywe dawa.

"Nimepewa barua niisome," alisema Vernelle karibu na kipaza sauti. "Imeandikwa vizuri, ila aliyeiandika hanijui. Wale wajane niliwapigia piano kwa hiari yangu, na wakiniita tena nitakwenda. Siku ile nilipiga vibaya kidogo, kwa sababu piano yao ilikuwa mbovu na sauti tatu zilikuwa zimekufa. Kwa hilo naomba —"

Wakamkata. Wasikilizaji wakasikia kwaya ya wasichana ikisifu povu la sabuni.

Kituo kilimfukuza kabla hajavaa koti, na Harlem wiki nzima ilibishana aliomba nini. Wengine walisema aliomba msamaha. Muuza samaki aliapa kwamba aliomba piano mpya. Mke wa mchungaji, ambaye hakuwa hata na redio, alidai alilisikia neno lenyewe lakini haliwezi kurudiwa mbele ya watu.

Vernelle alicheka pamoja nao mpaka Alhamisi. Siku hiyo alimwona Rozelle Gaines akija upande wake wa barabara. Rozelle alikuwa mpiga besi wake kwa miaka sita. Mtu aliyejua Vernelle angeelekea wapi kwenye piano kabla vidole vyake mwenyewe havijaamua. Rozelle alimwona, akainamisha kofia, akavuka kwenda ng'ambo. Vernelle alirudi nyumbani, akalala chali na viatu miguuni.

Vilabu navyo vilimfuta kimoja kimoja. Alipoalikwa kupiga Paris, alinyimwa pasipoti. Novemba ilipoanza hakuwa amegusa piano siku kumi na moja, na Shangazi Cleotha akaona inatosha. Aliwaita wapagazi wanne, wakaishusha piano kutoka ghorofani hadi saluni, baina ya sinki na draya.

"Wateja wangu wanazeeka wakisubiri," alisema. "Wapigie chochote."

Hivyo ikawa kila Jumamosi asubuhi. Wiki ya tatu akaja Mzungu mwenye kofia ya kahawia, akasimama mlangoni na daftari dogo. Kila mtu alijua katoka serikalini. Viatu vyake tu vilitosha kumsema.

"Karibu, baba," alisema Shangazi Cleotha. "Nywele zako ni haba, lakini nimeshawahi kutibu mabaya kuliko hayo. Kaa hapo."

Mtu yule akakaa chini ya draya, kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine. Wakampa kipande cha pai ya viazi vitamu. Wimbo ulipokwisha, alimuuliza Vernelle wimbo huo unaitwaje.

"'Mkaguzi Kakalia Chanuo,'" alijibu Vernelle papo hapo.

Mtu yule akaandika. Kisha akainuka kidogo, akapapasa kitini, akalitoa chanuo. Wanawake waliangua kicheko mpaka mmoja akapaliwa.

"Umewahi kuwa mwanachama wa chama chochote?" aliuliza, masikio yamemwiva.

"Kwaya ya kanisa, tangu nina miaka saba."

"Na kiongozi wake?"

"Mimi," alisema mke wa mchungaji kutoka kwenye sinki, povu likimtiririka. "Niandike, na jina langu usilikosee."

Alirudi Jumamosi mbili zaidi, kisha wakampeleka kwingine. Shangazi Cleotha alisema walimhamisha kwa sababu alianza kutikisa mguu.

Machi, Rozelle aliingia na besi yake mgongoni.

"Nina watoto wanne, Vernelle," alisema.

"Nawajua. Wa tatu nilimpa jina mimi."

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Ila sikukupita kama nguzo ya taa." Hakumwambia amemsamehe, maana bado. Alimtazama akisimama pale, mzigo mgongoni, akashindwa kumfukuza. "Tutaanza polepole. Na usinitangulie kama ulivyozoea."

Redio hakuirudia tena maishani. Pasipoti aliipata baada ya miaka saba, wakati wale wa Paris walikwisha kumsahau. Yapo mengi aliyoyapoteza, na zipo siku aliyalilia bila kujificha. Ila Jumamosi ile ya Machi walipiga mpaka mchana, na Shangazi Cleotha alizunguka na taulo begani akigombana na wateja ambao nywele zao zilikauka zamani na hawataki kuondoka.

"Inukeni! Wewe, Ernestine, unaungua chini ya draya!"

"Acha niungue," alijibu Ernestine. "Wamalize wimbo huu kwanza."