Mahali Aliposimama Jofrey

Mwalimu Eveline Kalinga aliianza kazi ile kwa furaha. Anafundisha historia katika sekondari moja mjini Mbeya, na mchapishaji mmoja wa vitabu vya shule alikuwa amemwomba aandike habari za majengo ya mahakama ya Nyanda za Juu Kusini kabla yale ya zamani hayajabomolewa yote. Kila likizo alitoka na kamera yake. Alikwenda Tukuyu kuliona boma la Wajerumani. Alitafuta mabaraza ya machifu, vile vyumba vya matofali mabichi ambako wakati wa Mwingereza mashauri yalisikilizwa kwa Kinyakyusa au Kisangu, na ambavyo siku hizi watu wanahifadhia mahindi. Alishuka mpaka Madibira, akapita katikati ya mashamba ya mpunga, akawakuta watu wamekaa kwenye mabenchi nje ya chumba kimoja cha bati, wakisubiri kuitwa. Akapiga pia picha za majengo mapya ya vioo na vigae, yenye maegesho na walinzi getini.

Alichojifunza upesi ni kwamba ukimuuliza mtu habari za jengo la mahakama, atakujibu habari za mtu. Mama mmoja Rungwe alimwonyesha dirisha na kusema, "Hapo ndipo nilipomwona mume wangu mara ya mwisho." Hakusema neno jingine kuhusu jengo. Eveline aliandika mwaka wa kujengwa na aina ya paa, kisha akaaga.

Lilibaki jengo moja, nalo alikuwa akiliahirisha: Mahakama ya Mwanzo ya Ikengelo, kijijini kwao mkoani Iringa, juu zaidi ya Kalenga. Kila alipopanga kwenda alipata sababu ya kwenda kwingine. Kisha mama yake, Verediana, akampigia simu asubuhi moja ya mwezi wa saba.

"Wamekuja watu wa kubomoa," alisema. "Wamepanga vyumba pale kwa jirani yetu Esnath, wanasubiri vifaa. Kama unataka picha zako, njoo."

"Baba anasemaje?"

"Baba yako hasemi."

Jengo lile alilijenga baba yake. Clement Kalinga alikuwa fundi mwashi kijana, ndiyo kwanza ameoa, wanakijiji walipoamua kujijengea mahakama yao ili wasitembee tena mpaka mjini kwa kesi ya mbuzi. Wanaume walifyatua matofali na kuyachoma, wanawake wakabeba mawe ya msingi na maji kutoka mtoni, na Clement akasimamisha kuta. Siku ya kufunguliwa watu walikunywa ulanzi mpaka jua likazama. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Clement tu. Aliitwa Fundi Mahakama, na yeye alilipenda jina hilo kuliko hata la ubatizo. Akipita pale na mtu mgeni, alikuwa akisimama amweleze kwamba kuta zile hazina ufa.

Mtoto wake wa kwanza, Jofrey, alihukumiwa ndani ya kuta hizohizo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliiba pampu ya maji ya jirani yao, Sosthenes, akaenda kuiuza Iringa, na alipokamatwa hakubisha. Sosthenes hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Verediana mbele ya watu, "Mimi na Clement tumekua pamoja. Aje mwenyewe anitamkie neno, yaishe, nitamwomba hakimu tuimalize nyumbani." Verediana alikimbia nyumbani na habari hiyo kama aliyeokota uhai. Clement alikuwa anasugua mwiko wake wa uashi. Alisema, "Mahakama nimeijenga mimi. Sitakuwa wa kwanza kuiomba iangalie pembeni." Hakwenda kwa Sosthenes, na siku ya kesi hakwenda mahakamani. Jofrey alifungwa miezi sita. Kabla hajaimaliza alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akapelekwa hospitali, na hakuamka. Eveline alikuwa kidato cha pili. Baada ya maziko Clement aliweka darini pimamaji yake na timazi, vifaa vyake vya kunyooshea kuta, na hakujenga tena hata banda la kuku.

Eveline alishuka basi Ipogolo, Iringa mjini, mchana, akapanda gari la Kalenga, na kutoka Kalenga akachukua pikipiki. Upepo wa baridi ulikuwa ukipeperusha vumbi la mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Alimkuta baba yake amekaa nje ukutani, upande wenye jua, amejifunga koti mpaka shingoni.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Umesafirije?"

"Salama. Mguu unaendeleaje?"

"Upo."

Eveline alikuwa amejiandaa kumwambia kwamba atakwenda pale mara moja tu na kurudi, asijali. Lakini mzee alianza yeye.

"Utakwenda kulipiga picha lini?"

"Kesho asubuhi, mwanga ukiwa mzuri."

"Nitakwenda nawe."

Verediana alikuwa mlangoni na ungo wa maharage. Alimtazama mumewe, kisha akarudi jikoni.

Asubuhi walikwenda polepole, mzee akiegemea fimbo. Kwenye uwanja wa mahakama lilikuwa limeegeshwa lori, na vijana watatu walikuwa wakiteremsha ngazi na nyundo kubwa. Msimamizi wao alikuwa mtu wa Mbeya aliyeitwa Anyelwisye, mpole wa maneno. Alipoambiwa kwamba huyu ndiye mzee aliyejenga, alivua kofia.

"Shikamoo, mzee. Samahani kwa kazi hii."

"Marahaba. Huna kosa. Nyumba isiyokaliwa inaoza."

"Tunaanza na bati. Mkitaka kuingia ingieni sasa, ndani bado ni salama."

Eveline alipiga picha za nje kwanza: ukumbi wa mbele wenye nguzo mbili, plasta iliyobanduka chini ya madirisha, maneno ya rangi ya samawati juu ya mlango ambayo sasa yalisomeka nusu. Alikuwa akifanya haraka. Alipogeuka, baba yake hakuwa nyuma yake. Alikuwa amekwisha kuingia.

Ndani kulikuwa na harufu ya popo. Mabenchi yalikwisha kuchukuliwa, na meza ya hakimu pia, lakini jukwaa la saruji lilikuwepo, na upande wa kushoto kilikuwepo kizimba cha mbao, kimelegea, mlango wake mdogo umening'inia kwenye bawaba moja. Mzee Clement alisimama katikati ya chumba, fimbo mbele yake, akitazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba ya watu asiowajua.

Eveline aligundua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Tangu Jofrey alipohukumiwa, baba yake hakuwahi kukanyaga humu.

"Alisimama wapi?" mzee aliuliza.

"Nani, baba?" alisema, ingawa alijua.

"Kaka yako."

Eveline aliishusha kamera. Yeye na mama yake walikuwa wamekaa benchi la pili siku ile, yeye amevaa sare ya shule. Alikwenda kwenye kizimba akaweka mkono juu ya ubao.

"Hapa. Alikuwa amegeukia kule, kwa hakimu. Wazee wa baraza walikaa pale."

"Alivaa nini?"

"Shati lake la mistari. Mama alilifua akampelekea polisi asubuhi."

"Alilia?"

"Hapana."

"Alisema nini alipoulizwa?"

"Alisema ni kweli aliiba. Alisema alitaka nauli ya kwenda Makambako kutafuta kazi. Hakimu alimuuliza kama ana la kujitetea, akasema hana. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mzee mmoja wa baraza alimwambia arudie."

Clement alitikisa kichwa taratibu. Nje, vijana walikuwa wamepanda juu, na misumari ya bati ilianza kulia ikinyofolewa. Eveline alitumaini maswali yamekwisha.

"Aliniulizia?"

Ingekuwa rahisi kusema hapana. Ingekuwa rahisi pia kusema ndiyo, na kumtungia mzee maneno mazuri ya kwenda nayo nyumbani. Eveline alimwangalia baba yake, akaona kwamba yote mawili mzee angeyatambua kuwa ya uongo.

"Hakuuliza kwa mdomo," alisema. "Lakini kila mlango ulipofunguliwa aligeuka kutazama. Askari alimwambia atulie, atazame mbele. Bado aligeuka. Hata walipokuwa wanamtoa."

Mzee Clement alitazama mlangoni. Ulikuwa mlango uleule, wa mninga, alioupachika mwenyewe. Alitembea hadi kwenye kizimba, akaingia, akasimama pale pale palipoonyeshwa, akageuza shingo kutazama mlango. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akaketi chini ndani ya kizimba, na Eveline akasikia baba yake analia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakulia siku ya maziko. Sasa alilia kwa sauti nzito, mdomo wazi, mikono imeshika mbao.

Eveline alipiga magoti kando yake. Huko juu misumari ilinyamaza. Anyelwisye alikuwa amewaambia vijana wake wateremke. Waliketi kwenye kivuli cha lori mpaka mzee alipotoka akishikiliwa na binti yake.

"Endeleeni, wanangu," aliwaambia. "Nimewachelewesha."

Nyumbani Verediana alikuwa amekwisha kupika. Aliwatazama walivyoingia, akatazama macho ya mumewe, akaweka ugali na mboga ya maboga mezani bila kuuliza. Walinawa. Clement alimega tonge, akalishika tu.

"Mama Eveline," alisema, "nimeuliza habari za Jofrey. Eveline ameniambia alivyosimama. Ameniambia habari za mlango."

Verediana aliweka bakuli chini. Zamani, kama wanawake wote wa pale, alimwita mumewe Baba Jofrey. Tangu maziko alimwita Baba Eveline, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

"Umemuuliza Eveline," alisema.

"Ndiyo."

"Alikuwa mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa pale mtu mzima. Mimi ndiye niliyemfulia shati. Mimi nilikwenda kumwona gerezani, nikaja nikakaa hapa, mahali hapa, nikangoja uniulize amekonda au hajakonda. Ukaniuliza kama ng'ombe wamekunywa maji." Hakupandisha sauti. "Miaka yote hii nimelala kitandani na wewe nikingoja. Leo umekwenda kumuuliza mtoto."

"Niliogopa," mzee alisema.

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utaniambia."

Eveline aliinuka ili awaachie nafasi, lakini mama yake akamwambia, "Kaa. Na wewe hujasikia." Kisha akaanza kusema. Alisema jinsi Jofrey alivyomwambia gerezani kwamba amejifunza kushona mikeka. Alisema alivyomsihi asimpelekee chakula kwa sababu safari ni ndefu. Mara ya mwisho alilalamika kichwa kinamuuma, na yeye, mama yake, alimwambia ni baridi tu, ajifunike. Alipofika hapo, Clement aliuweka mkono wake juu ya meza karibu na mkono wa mkewe, asiuguse. Verediana hakuuondoa wake. Chakula kilipoa. Kuku waliingia ndani wakatoka, hakuna aliyewafukuza.

"Mlango ule," Verediana alisema mwishoni, "na mimi niliutazama. Sikutazama kwa hakimu hata kidogo."

Clement hakuomba msamaha. Labda aliona neno hilo ni dogo mno, au hakujua jinsi ya kulitamka mbele ya mkewe. Alisema tu, "Ningekwenda kwa Sosthenes. Ni hatua chache."

"Ndiyo," Verediana alisema. "Ni hatua chache."

Siku ya pili Eveline aliondoka. Mahakama ilikuwa imebaki kuta bila paa, na wanakijiji walikuwa wakipita kuchukua matofali mazima kwa ajili ya majiko na mabanda. Mtu mmoja alikuwa amemletea Mzee Clement mzigo wa matofali kwa heshima. Mzee alimshukuru, akamwomba ayarudishe.

Alimsindikiza binti yake mpaka njia panda, pikipiki ikiwa inasubiri.

"Katika kitabu chako," alisema, "usiniandike."

"Baba, wewe ndiye uliyejenga."

"Andika kwamba kina mama walibeba mawe. Mama yako alikuwa mmoja wao, akiwa na mimba ya Jofrey. Hilo liandike."

Eveline aliliandika. Sura ya Ikengelo ndiyo fupi kuliko zote kitabuni, na mchapishaji alimuuliza kama hakuna zaidi ya kusema. Alisema hakuna.

Miezi ikapita. Mvua za kwanza ziliponyesha, alimpigia mama yake kumjulia hali, wakaongea habari za mbegu na mbolea. Kisha akauliza, "Na baba?"

"Yupo. Ananiuliza habari za Jofrey," Verediana alisema. "Kila siku ana swali. Alianza kutembea lini, nani alimfundisha kuogelea, kwa nini alikuwa hapendi maziwa. Mambo ambayo aliyaona kwa macho yake, ila anasema hakuyaangalia."

"Unamjibu?"

"Namjibu. Siku nyingine namwambia leo nimechoka, baba, acha. Basi anakwenda kukaa nje."

"Kwenye mvua hii?"

"Kwenye mvua hii. Nikisikia anakohoa, namwita ndani."

Eveline alisikia mlango ukifunguliwa upande wa pili, na mama yake akiisogeza simu mbali na mdomo ili kumwambia mtu avue koti lililolowa.