Jibu la Restituta

Mwalimu Tekla alikuwa na haraka asubuhi ile. Mtihani wa mkoa ulikuwa umekaribia, na kidato cha sita, pale shuleni Lipangalala, walikuwa bado kwenye mada ya gesi. Akaandika swali ubaoni: gesi iliyo ndani ya silinda imepewa joto la jouli mia tano, na wakati huohuo pistoni imesukumwa ndani, ikaifanyia gesi kazi ya jouli mia mbili. Nishati ya ndani ya gesi imeongezeka kwa kiasi gani?

Akalijibu mwenyewe. "Joto, toa kazi. Mia tatu."

Mkono ukanyooka karibu na dirisha. Alikuwa Restituta, msichana mpole kutoka Uchindile, kijiji cha huko misituni, ambaye kwa kawaida haongei mpaka aulizwe.

"Samahani, mwalimu. Mimi nimepata mia saba."

"Kanuni inasema joto toa kazi. Umeiona au hujaiona?"

"Nimeiona, mwalimu. Ila hapa gesi ndiyo iliyosu..."

"Huko kwenu Uchindile fizikia mnafundishwa na miti?"

Darasa zima likaangua kicheko. Restituta akakaa, akainamisha kichwa, na Tekla akaendelea na swali lililofuata.

Mchana, akitaka kwenda nyumbani, alikuta tairi la baiskeli yake halina upepo. Akaazima pampu kwa mlinzi, akapampu kwa nguvu na kwa haraka. Alipoishika pampu kwa chini ili auchomoe mpira, vidole vikaungua. Akavipuliza, kisha akabaki amesimama vilevile, mkono mdomoni.

Hakuna aliyeiwashia pampu ile moto. Ni mikono yake iliyoibana hewa, na kazi ya mikono ikaingia kwenye hewa, ikaipasha. Gesi ikiisukuma pistoni kwenda nje, inatumia nishati yake, ndipo unapotoa. Ikisukumwa yenyewe, inaongezewa, unajumlisha. Mia tano na mia mbili.

Uso ukamchoma kuliko vidole. Hesabu ingesahihishika kwa chaki. Lakini ile miti? Yeye mwenyewe alikulia kijijini Kisawasawa, akilima na mama yake, na aliwahi kuchekwa hivyohivyo. Jioni alijaribu kutunga maneno ya kusema kwamba palikuwa na kosa dogo la kuandika, akajiona mwongo.

Kesho yake, baada ya kuitikia shikamoo za wanafunzi, alisema, "Restituta, hebu rudia jibu lako la jana."

Msichana akasimama. "Mia tatu, mwalimu."

"Hilo ni langu. Nataka lako."

"Ni mia tatu. Nilikosea."

Tekla alitamani sakafu immeze. "Hukukosea," akasema. "Niliyekosea ni mimi. Gesi ilifanyiwa kazi, kwa hiyo tunajumlisha. Ni mia saba. Na lile neno la miti halikustahili kutoka kinywani mwa mwalimu. Naomba unisamehe, mbele ya hawahawa waliokucheka."

Hakuna aliyecheka.

"Sawa, mwalimu," Restituta akasema, macho kwenye dawati.

Tekla akaandika swali jingine, la gesi inayotanuka na kuisukuma pistoni nje. Mikono ikanyooka huku na huko. Restituta alikuwa amekwisha kukokotoa, kalamu ameilaza, mikono ameificha chini ya dawati. Tekla alimsubiri anyooshe mkono, akamsubiri mpaka wenzake wakaanza kugeuka kumtazama. Ndipo akamchagua Jofrey, mmoja wa walionyoosha.